Kwa nini nusu ya sanamu hii imezeeka, na nusu nyingine bado imara?

Mwaka 1969 huko New York, msanii Eva Hesse, mzaliwa wa Hamburg, alikamilisha sanamu iitwayo Expanded Expansion. Ni nguzo nyembamba za faibaglasi zenye kimo cha zaidi ya mita 3, zimeegemea ukuta, na kati ya nguzo na nguzo limening'inia pazia la shashi lililopakwa utomvu wa mpira. Ilikuwa sanamu laini: ukisogeza nguzo karibu, pazia linajikunja, ukizitanua, inafikia karibu mita 8. Hesse alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 34. Leo nguzo bado ni nguzo, ila pazia limekuwa la kahawia na kukakamaa. Jumba la makumbusho ya sanaa la Guggenheim la New York liliiweka stoo kwa zaidi ya miaka 30, hadi ilipoonyeshwa tena mwaka 2022.

Wengi hujibu haraka kwamba cha asili huoza na cha kiwandani hudumu. Si kweli. Milango ya kuchongwa ya Mji Mkongwe, Unguja, ni mbao, na mingi imepita miaka 100. Sponji ya godoro ni ya kiwandani, nayo huanza kumeguka unga ikiwa bado ndani ya foronya. La kuangalia ni jinsi molekuli zilivyofungwa.

Utomvu unaotoka kwenye mti wa mpira ni maziwa yenye mpira wa kati ya asilimia 30 na 40. Mengine karibu yote ni maji. Kwa matumizi ya wasanii hukolezwa hadi asilimia 60 hivi na kutiwa amonia ili usigande, ndiyo maana unapofungua ndoo harufu inakuchoma puani. Maji yakikauka hubaki minyororo mirefu ya molekuli, na katika kila pingili ya mnyororo kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili. Mkono ule wa ziada ndio unaoupa mpira udhaifu wake, kwa sababu oksijeni na ozoni (aina kali ya oksijeni iliyomo hewani) huushambulia mkono huo. Mnyororo ukikatwa, mpira hunata. Minyororo ikishikana ovyo, mpira hukauka na kupasuka. Chukua mpira wa kufungia noti uliosahaulika mtotoni mwa meza: upande mmoja umeganda kwenye karatasi kama gundi, upande wa pili unakatika ukiugusa. Ugonjwa ni ule ule mmoja. Mwanga wa jua na joto huuharakisha.

Sasa fikiria pazia la Hesse: mpira mwembamba juu ya shashi, hewa mbele na nyuma. Gurudumu la gari huoza kuanzia nje na moyo wake ukabaki mzima kwa muda. Pazia halina moyo wa kujificha.

Faibaglasi iko tofauti. Nyuzi zake ni kioo, na kioo hakina cha kushambuliwa na oksijeni. Resini ya poliesta inayozishika, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, hufungana pande zote kama wavu, kwa hiyo kifungo kimoja kikikatika vingine vinashikilia. Nayo hupata umanjano kwenye mwanga, lakini haipotezi umbo. Hapo ndipo penye hatari kwa sanamu ya mchanganyiko: pazia likikakamaa huku nguzo haiendi popote, uzito wote huvuta kwenye maungio, na mpasuko wa kwanza huanzia hapo.

Hesse alijua. Katika mahojiano ya mwaka 1970 alisema wazi kwamba mpira hautadumu, na kwamba alijisikia hatia kidogo kwa watu waliotaka kununua.

Anayetaka kufanya kazi ya namna hii apake utomvu tabaka jembamba, asubiri weupe wote uishe na rangi ya asali ijitokeze, ndipo apake la pili. Tabaka nene hufunga ngozi juu, maziwa yakabaki chini. Asitumie chombo wala waya wa shaba, kwani chembe za shaba huharakisha kuoza kwa mpira. Mafuta pia ni adui. Resini ya poliesta hutiwa kigumishaji gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Kikizidi inachemka na kupasuka, kikipungua inabaki inanata. Shashi iwe imekauka kabisa kabla ya kugusana na resini mbichi, maana unyevu huizuia kukomaa. Mvuke wa resini ni sumu, kwa hiyo fanyia kazi penye upepo.

Kabla ya kuanza, paka vipande viwili vya shashi kutoka ndoo moja. Kimoja kitundike dirishani, kingine kifunge ndani ya boksi lenye giza, kisha kila mwezi uvikunje vyote viwili mahali pale pale. Cha dirishani ndicho kitakachokuambia sanamu yako ina muda gani.