Kometi ikifika juani, usiku huo lala zako

Kila kometi (nyota mkia) mpya ikitajwa kwenye habari, simu yangu hujaa swali lile lile: "Mwalimu, inalikaribia jua tarehe ngapi, na usiku huo tutoke saa ngapi?" Wiki hii limetoka kwa mtu niliyekwisha kumjibu wakati wa kometi iliyopita. Basi naandika mara moja, ili siku nyingine nitume kiungo nikaendelee na chai yangu.

Usiku huo usitoke. Kometi inayopita karibu sana na jua, siku ya perihelio, yaani siku inapolikaribia jua kuliko siku nyingine zote, iko ubavuni mwa jua. Jua likichomoza nayo inachomoza, likizama nayo inazama. Saa 6 mchana iko juu ya kichwa chako, na kwa nini huioni sina haja ya kukueleza. Usiku wa manane iko upande wa pili wa dunia, chini ya miguu yako. Hata ungepanda Kilimanjaro na darubini ya milioni 20, utaona nyota nyingi nzuri, ila si hiyo.

Halafu kuna hili la "itapita saa ngapi", kana kwamba ni basi la mkoani. Kinachokatiza anga kwa sekunde mbili ni kimondo. Kometi haikatizi. Chukua ISON ya mwaka 2013: ilipolizunguka jua tarehe 28 Novemba ilikuwa inakimbia kama kilomita 377 kwa sekunde, kasi ya kutisha. Lakini iko mbali nasi kilomita milioni 147 hivi. Piga hesabu: kwa saa nzima imesogea angani kiasi cha upana wa mwezi mpevu tu. Hapo ndipo ilipokuwa na kasi kuliko wakati wowote. Siku za kawaida unaitazama, unaingia ndani kula, unarudi, na iko pale pale kati ya nyota zile zile.

Sasa nifike kwenye kinachonikera kweli: namba ya magnitudo, kipimo cha uangavu ambacho namba ikishuka, mwanga unaongezeka. Mtu anasoma kwamba kometi "itafika magnitudo -5", anakumbuka kuwa Zuhura ni -4 na Zuhura huonekana hata na mtoto, basi anahitimisha kuwa tutaona taa angani. Kwanza, ile ni magnitudo ya jumla. Wanachukua mwanga wote wa kichwa cha kometi wanaukusanya kana kwamba umetoka kwenye nukta moja. Zuhura kwa macho ni nukta, kometi imesambaa. Kijiko kimoja cha sukari kwenye kikombe utakisikia, kwenye ndoo hukisikii, na sukari ni ile ile. Kometi ya magnitudo 2 kwenye giza la kijijini inapendeza. Kometi hiyo hiyo kwenye mwanga wa alfajiri, juu ya jiji, unaweza kuitafuta nusu saa na binokula mkononi.

Pili, namba haikuambii iko nyuzi ngapi kutoka kwenye jua, na hilo ndilo linaloamua kila kitu. McNaught ya Januari 2007 ilifika kama -5.5 na kweli ilionekana mchana kweupe, lakini ilikuwa nyuzi 5 au 6 tu kutoka kwenye jua, na walioiona ni wale waliolificha jua nyuma ya jengo. Nasita hata kuandika aya hii kwa sababu najua kuna atakayekwenda kujaribu na binokula. Usijaribu. Kama ni lazima, ni kwa macho matupu, baada ya adhuhuri, ukisimama mashariki mwa ukuta mrefu, ili jua lizidi kujificha kadiri dakika zinavyokwenda. Asubuhi ukuta huo huo ni mtego: jua linapanda, linachungulia juu ya paa, na jicho lako liko pale pale.

Tatu, namba yenyewe ni makisio. Hapa vitabu hupita haraka. Fomula ya kutabiri uangavu ina kipeo kinachosema kometi itang'aa kwa kasi gani inapolikaribia jua. Kwa kawaida tunaweka 4. Kwa nini 4? Kwa sababu kometi nyingi zilizopita zilikaa karibu na hapo, basi. Kometi ikitoka umbali uliopo kati ya dunia na jua hadi sehemu ya kumi ya umbali huo, kwa kipeo cha 4 inang'aa mara 10,000 zaidi. Kwa kipeo cha 3 ni mara 1,000. Tofauti ya mara kumi imekaa kwenye tarakimu moja tuliyoichagua kwa mazoea. Na kometi zinazokuja kwa mara ya kwanza kutoka Wingu la Oort, lile ghala la barafu pembezoni kabisa mwa mfumo wa jua, ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu barafu zao nyepesi huanza kufuka zikiwa mbali sana na jua, zinaonekana kubwa, halafu kung'aa kwao kunapunguza kasi. ISON iligunduliwa Septemba 2012 ikiwa bado nje ya obiti ya Mshtarii, magazeti yakaipa jina la kometi ya karne. Ilipotoka upande wa pili wa jua lilibaki wingu la vumbi, na baada ya siku chache hata hilo likafifia.

Ungedhani basi tunajua zipi zitavunjika. Mwaka 2011 kometi Lovejoy ilipita kilomita 140,000 tu juu ya uso wa jua. Wengi walishaiandikia rambirambi. Ikatoka hai, ikaota mkia mpya, na ule mkia ukatamba alfajiri za Desemba kusini mwa dunia, japokuwa kiini kilisambaratika siku chache baada ya perihelio. Julai 2024 Zdenek Sekanina, aliyezichunguza kometi kwa miongo mingi, aliandika kuwa Tsuchinshan-ATLAS inavunjika na mwisho wake hauepukiki. Ikapita salama. Oktoba hiyo hiyo, C/2024 S1 iliyotangazwa kwa shangwe ikasambaratika hata kabla ya kulifikia jua vizuri. Joto, mvutano wa jua, kuzungushwa na mifoko ya gesi yake yenyewe: kila moja inaweza kuivunja kometi, na kabla ya tukio sijui mtu anayeweza kukuambia kwa uhakika ni ipi itakayoshinda. Nikikujibu "labda", sikwepi swali. Hiyo "labda" ndipo sayansi yenyewe ilipofika.

Tsuchinshan-ATLAS inanipa neno jingine, kwa wanaonakili tarehe kutoka tovuti za Ulaya na Marekani. Perihelio yake ilikuwa tarehe 27 Septemba 2024, kama kilomita milioni 59 kutoka kwenye jua, umbali wa Utaridi. Si karibu sana, kwa hiyo pembe kati yake na jua angani ilibaki nyuzi 20 na kitu, na hii ndiyo aina ya kometi inayoonekana hata wiki ya perihelio yenyewe. Wenzetu wa kaskazini waliambiwa wasubiri jioni za kuanzia tarehe 12 Oktoba, maana kwao Septemba ilikuwa imelala kwenye upeo. Hapa kwetu karibu na ikweta njia ya jua inasimama karibu wima, hivyo nyuzi 20 kutoka kwenye jua zinakuwa karibu nyuzi 20 kwenda juu. Mwisho wa Septemba, saa 11 na robo alfajiri, ilikuwa mashariki, ngumi moja na zaidi kidogo juu ya bahari ukinyoosha mkono, na mwezi ulikuwa umekonda kabisa. Watu walilala kwa sababu tovuti ya mtu wa Arizona ilisema Oktoba.

Kwa hiyo unapotaka kuniuliza, niulize haya: pembe ni nyuzi ngapi, ni upande wa macheo au machweo, na siku ngapi kabla au baada ya perihelio inafika nyuzi 10. Chini ya hapo achana nayo. Giza letu huingia haraka, na pia huondoka haraka.

Na siku ya perihelio yenyewe, kama huna subira, fungua picha za chombo cha anga SOHO, kamera yake ya LASCO C3, ziko wazi kwa kila mtu mtandaoni. Chombo hicho kinalitazama jua tangu 1996, kina kisahani kinacholiziba, na kimeshaona kometi zaidi ya 5,000, nyingi zikigunduliwa na watu wa kawaida wakiwa nyumbani. Ukiona mstari mweupe wa mlalo umekikata kichwa cha kometi, tafadhali usinitumie ukiuliza kama ni mabawa. Kihisi cha kamera kimezidiwa na mwanga, ukamwagika pembeni. Zuhura ikiingia kwenye picha nayo inaota "mabawa" hayo hayo.