Programu ya bajeti ya nyumbani: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Watu wengi huanza kutafuta programu ya bajeti siku salio lilipowashangaza. Mwezi haujafika katikati, pesa zimekwisha, na hakuna nyumbani anayekumbuka zilipitia wapi. Mtu anashika simu, anapata orodha ndefu ya programu, anachagua yenye michoro ya kupendeza. Wiki ya tatu ameshaiacha, na anajilaumu kwa uvivu. Mara nyingi uvivu unasingiziwa tu: alichagua kwa kufuata mambo yanayosemwa sana ambayo si kweli, au ni kweli nusu.

Dhana: Ikijiunganisha na benki, kazi imekwisha

Programu zinazovuta miamala kutoka benki zinapunguza kuandika, hilo halina ubishi. Lakini benki inajua kiasi, tarehe na aliyelipwa, basi. Ukitoa noti kwenye mashine, programu inaona mstari mmoja, na noti zile zilikoishia unajua wewe tu. Ukilipa kwa mkupuo mmoja sabuni, viatu vya mtoto na balbu, mstari ni mmoja vilevile. Kuugawa katika mafungu matatu ni kazi yako. Hata fungu lenyewe programu hulikisia kwa jina la muuzaji. Duka la dawa lililokuuzia zawadi ya siku ya kuzaliwa litahesabiwa chini ya afya mpaka mtu arekebishe.

Pabaya zaidi ni kwenye uhamisho. Umehamisha 500 kutoka akaunti ya mshahara kwenda akaunti ya akiba. Hujatumia kitu, hujapata kitu. Programu isiyotambua uhamisho itaandika matumizi ya 500 upande mmoja na mapato ya 500 upande wa pili, na ripoti ya mwezi itavimba pande zote. Kadi ya mkopo nayo ina mtego wake: umenunua kitu cha 100 kwa kadi, mwezi unaofuata umelipa deni la kadi 100. Yakihesabiwa malipo yote mawili kuwa matumizi, ripoti itasema umetumia 200. Ukijaribu programu mpya, anza na miamala ya namna hii miwili. Ikikosea hapo, usijisumbue kutazama michoro.

Tena kuna suala la nani anashika ufunguo. Umoja wa Ulaya una sheria ya malipo iitwayo PSD2, iliyoanza kutumika Januari 2018, inayozilazimu benki kuruhusu watoa huduma walioidhinishwa kusoma akaunti kwa ridhaa ya mwenyewe, bila kupewa nywila yake. Ridhaa hiyo inahitaji kuthibitishwa upya kila baada ya muda, ndiyo maana muunganisho "hukatika" na watumiaji hulalamika kwamba programu imeharibika. Pasipo na utaratibu wa namna hiyo, baadhi ya huduma huomba jina lako na nywila ya benki ili ziingie kama wewe. Mimi hapo hurudi nyuma. Kuandika miamala kumi kwa jioni si mzigo wa kumfanya mtu agawe nywila ya benki.

Na kuandika kwa mkono kuna faida ambayo wauzaji wa programu hawaitangazi: unaiona pesa mara ya pili. Nchini Japani, Hani Motoko alichapisha daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904, na utaratibu huo, kakeibo, bado unatumika leo, kwa kalamu na karatasi.

Dhana: Mfumo wa maingizo mawili ni wa wahasibu tu

Tatizo la uhamisho nililolitaja lilikwisha kutatuliwa zamani. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Kiitaliano, aliueleza mfumo huo wa maingizo mawili kitabuni huko Venice mwaka 1494, na hata yeye alikuwa akieleza walichokuwa wakifanya wafanyabiashara tayari. Wazo ni jepesi: kila pesa inatoka mahali na kuingia mahali. Mshahara unatoka "mapato" kuingia "benki". Kodi ya nyumba inatoka "benki" kuingia "makazi". Uhamisho unatoka akaunti moja kuingia nyingine na haugusi matumizi kabisa. Hakuna kuhesabu mara mbili kwa bahati mbaya. GnuCash, programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) iliyoko tangu 1998, imejengwa juu ya wazo hilo. Sura yake imechakaa, nakubali, na siku mbili za kwanza zinachosha. Baada ya hapo salio lisipolingana na la benki, unajua kuna kitu umesahau, na unakitafuta mpaka ukipate.

Dhana: Kurekodi matumizi ndiyo kupanga bajeti

Hizi ni kazi mbili. Kurekodi hukuambia pesa zilikwenda wapi; bajeti huamua zitakwenda wapi kabla hazijaondoka. Programu nyingi zina nguvu upande mmoja na zinachechemea upande wa pili. GnuCash ni hodari wa kumbukumbu, lakini sehemu yake ya bajeti si ya kufurahia kuitumia. YNAB na Actual Budget, programu nyingine mbili za bajeti, zinafuata njia ya bahasha: kila kiasi kinachoingia hugawiwa kazi, na fungu likiisha, lazima upunguze fungu jingine ili uendelee. Anayetaka kujua tu pesa zinavuja wapi ataona bahasha ni usumbufu. Anayefika mwisho wa mwezi mikono mitupu kila mara atahitaji usumbufu huo.

Dhana: Lahajedwali ni hatua ya wasiojua programu za kisasa

VisiCalc, lahajedwali (jedwali la hesabu la kompyuta, kama Excel) ya kwanza kwa kompyuta ndogo, ilitoka mwaka 1979, na tangu hapo watu hawajaacha kuitumia aina hiyo kwa hesabu za nyumbani. YNAB yenyewe ilianza kama lahajedwali ambayo Jesse Mecham aliitengeneza kwa ajili yake na mkewe, akaanza kuiuza 2004. Kwa familia yenye akaunti mbili na miamala hamsini kwa mwezi, jedwali lenye safu za tarehe, kiasi, fungu na maelezo linatosha. Udhaifu wake ni kimyakimya: mtu akifuta fomula kwa kidole, jumla inakuwa potofu na hakuna kengele inayolia. Kwenye simu nako, kujaza vyumba vidogo vya jedwali ukiwa umesimama foleni ni adhabu.

Dhana: Programu ya kampuni kubwa itakuwepo siku zote

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana hasara yake huja baada ya miaka, wakati kumbukumbu zimeshakuwa za thamani. Microsoft Money, programu ya hesabu za nyumbani, ilianza 1991. Juni 2009 mauzo yake yakasimamishwa. Baadaye Microsoft ilitoa toleo la bure ili wenye mafaili ya zamani waendelee kuyafungua, ambao ni uungwana usio wa kawaida. Mint, programu ya bajeti, ilizinduliwa 2007, ikanunuliwa na Intuit, kampuni ya programu za fedha, mwaka 2009, ikapata watumiaji mamilioni, na Machi 2024 ikafungwa. Watumiaji walielekezwa kwenye huduma nyingine ya Intuit ambayo haikuwa na bajeti za kila mwezi kama walizozizoea.

Kwa hiyo kabla ya kuingia, tazama mlango wa kutokea. Weka miamala kumi ya kubuni: mmoja uliogawanywa katika mafungu mawili, mmoja wa uhamisho, mmoja wenye maelezo marefu. Toa vyote nje ya programu, ufungue faili kwenye lahajedwali. Mara nyingi utapata CSV, ambayo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Inasomeka popote, na hilo ni jambo kubwa. Ila angalia kilichopotea. Je, muamala uliogawanywa bado una sehemu zake mbili? Uhamisho umeonekana kama uhamisho, au kama matumizi? Tarehe 03/04 ni ya Machi au ya Aprili? Mipango ya bajeti na picha za risiti kwa kawaida hazitoki kabisa. OFX, muundo ulioanzishwa 1997 kwa ajili ya taarifa za fedha, hauna utata huo wa tarehe, lakini wenyewe haubebi mafungu yako.

Programu ambayo haina kabisa njia ya kutoa kumbukumbu, mimi siijaribu hata iwe bure.

Dhana: Ya bure haina gharama, ya kulipia ndiyo salama

Mint ilikuwa bure kwa sababu ilipata pesa kwa kuwapendekezea watumiaji bidhaa za kampuni za fedha. Actual, ambayo imekuwa huria tangu 2022, ni bure kwa sababu nyingine, na unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe. Basi nakala rudufu ni juu yako. Kulipa nako si kinga. YNAB iliuzwa kwa malipo ya mara moja, kisha toleo jipya lililotoka mwishoni mwa 2015 likawa la kulipia kwa usajili. Swali la kuuliza ni nani anamlipa mtengenezaji, na kwa nini.

Dhana: Mafungu mengi, picha sahihi

Kumi yanatosha. Ukisita zaidi ya sekunde mbili kuamua muamala unaingia fungu gani, una mafungu mengi mno.

Dhana: Mmoja akichagua, wa nyumbani watafuata

Hawafuati. Anayechagua kwa kawaida ndiye anayependa hesabu, na huchagua inayompendeza yeye. Halafu nusu ya matumizi ya nyumba, yale ya mwenzake, hayaingii. Kabla hujaamua, mpe mwenzako simu na risiti ya jana, umwombe aiingize, nawe unyamaze. Akikuuliza swali la tatu, endelea kutafuta.