Baa ya usiku mmoja: kutoa taarifa ya kuuza pombe kwenye sherehe Uingereza na Wales

Kazi yangu ni kuwasaidia watu na taratibu za leseni za pombe, na wengi wanaonipigia simu ni wenzetu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku: kamati za harusi, vyama vya waliosoma pamoja, vikundi vya kuchangia msiba. Swali lao huwa moja, kwamba wanaombaje kibali cha kuuza vinywaji kwa usiku mmoja. Mimi huanza kwa kusahihisha neno moja tu, nalo ni «kuomba».

Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika kikamilifu Novemba 2005, haimdai mwenye shughuli ndogo aombe chochote. Inamdai atoe taarifa. Kwenye tovuti ya halmashauri fomu hiyo utaikuta kwa jina la Temporary Event Notice, na ada yake ni pauni 21. Ukiwa na umri wa miaka 18 au zaidi, ukaiwasilisha ndani ya muda na hujavuka idadi uliyoruhusiwa kwa mwaka, halmashauri haiwezi kukuzuia eti kwa sababu haijapendezwa na sherehe yako. Na jirani wa ukumbi, hata akiwa amechukia namna gani, hana haki ya kuweka pingamizi. Wenye haki hiyo ni wawili tu, polisi na maafisa wa afya ya mazingira wa halmashauri. Ninayoyaeleza hapa ni ya Uingereza na Wales; Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Kabla ya fomu, jiulize kama unauza. Hapa ndipo watu wetu wanaponaswa, tena kwa nia njema kabisa. Dada mmoja wa kamati ya msiba aliniletea tiketi zilizokwisha kuchapishwa, pauni 15 kila moja, na chini yake kwa herufi ndogo: «pamoja na kinywaji kimoja». Akaniambia, «Kaka, sisi hatuuzi, tunachangishana.» Nilimwelewa, kwa sababu kwetu mchango si biashara, lakini ilinibidi nimweleze kwamba sheria haitazami fedha zinakwenda wapi. Mtu akilazimika kulipa ndipo apate bia, iwe kwa tiketi, kwa kuponi au kwa «mchango» unaodaiwa mlangoni, hayo ni mauzo. Harusi ambayo wenyewe wamenunua vinywaji na kuwapa wageni waalikwa bila malipo haihitaji taarifa yoyote kwa ajili ya pombe hiyo. Siku mtakapoweka meza pembeni na kijana wa kupokea fedha, mambo yamebadilika, na kuuza pombe bila idhini ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miezi 6, au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili.

Jambo linaloangusha shughuli nyingi kuliko jingine lolote ni hesabu ya siku. Taarifa ya kawaida inatakiwa iwe imefika siku 10 za kazi kabla ya tukio, na siku inayopokelewa haihesabiwi, wala siku ya tukio yenyewe. Chukua Jumamosi ya tarehe 30 Agosti 2025. Anza kurudi nyuma: Ijumaa tarehe 29 ndiyo ya kwanza, Alhamisi ya pili, Jumatano ya tatu, Jumanne tarehe 26 ya nne. Jumatatu tarehe 25 ilikuwa sikukuu, kwa hiyo unairuka, pamoja na Jumapili na Jumamosi zilizoitangulia. Unaendelea na Ijumaa tarehe 22 kama siku ya tano, hadi unafika Ijumaa tarehe 15, siku ya kumi. Taarifa basi ilipaswa kuwa mikononi mwa halmashauri kufikia Alhamisi tarehe 14, yaani zaidi ya wiki mbili kamili kabla. Aliyejihesabia «wiki mbili» kwenye kalenda ya jikoni, akaituma Jumamosi tarehe 16, alikuwa amekwisha kuchelewa. Ukituma kwa mtandao, halmashauri yenyewe huwafikishia polisi na maafisa wa afya. Ukitumia karatasi, kazi ya kuwapelekea nakala ni yako.

Ipo taarifa ya kuchelewa, inayopokelewa kati ya siku 9 na siku 5 za kazi kabla ya tukio. Msiba haumsubiri mtu, na vikundi vinavyotafuta fedha za kusafirisha mwili nyumbani mara nyingi huangukia hapa. Lakini ieleweke tofauti yake. Kwa taarifa ya kawaida, pingamizi likiwekwa ndani ya siku 3 za kazi, mnaweza kukaa na polisi mkakubaliana kubadilisha saa au mpangilio, na msipokubaliana halmashauri itawasikiliza. Kwa taarifa ya kuchelewa hakuna kikao. Pingamizi moja tu, na baa imekufa. Niliona kikundi kikipoteza baa namna hiyo siku mbili kabla ya shughuli, katoni za bia zikiwa zimekwisha kununuliwa na zimepangwa ukutani sebuleni kwa mwenyekiti. Tangu hapo, yeyote aliyebanwa na siku mimi humshauri atafute ukumbi wenye leseni yake na baa yake, wahudumu wa ukumbi wauze, na kikundi kibaki na kiingilio.

Mtu asiye na leseni binafsi ya kuuza pombe anaruhusiwa taarifa 5 kwa mwaka wa kalenda, na kati ya hizo za kuchelewa zisizidi 2. Ukumbi nao una kikomo chake, kwa hiyo muulize msimamizi umebakiwa na nafasi ngapi kabla hujalipa amana. Tukio moja haliwezi kuzidi saa 168, na kati ya matukio mawili ya mtu mmoja mahali pamoja lazima zipite saa 24. Kumwandikisha mkeo au ndugu yako ili kuzikwepa saa hizo 24 hakusaidii, kwa kuwa sheria inawahesabu kama wewe.

Watu waliomo kwa wakati mmoja wasizidi 499, na idadi hiyo inajumuisha wapishi, didjei, bendi na walinzi. Ukitarajia zaidi, utahitaji leseni ya jengo ya muda maalumu, ambayo maombi yake hukaa wazi siku 28 kwa maoni.

Na mishikaki je? Kuuza chakula cha moto kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri nako kunahitaji idhini, hata kama hamuuzi tone la pombe, lakini taarifa ileile inaweza kulibeba hilo na muziki pia, mradi tu umetia alama kwenye visanduku vyake. Siku yenyewe, bandika nakala ukumbini mahali panapoonekana, au mkabidhi mtu atakayekuwepo muda wote, kwa maana polisi wakifika na kuiulizia, ni lazima itolewe.