Babu Hakutoroka: Dhana Potofu Kuhusu Waafrika Waliopotea Enzi za Ukoloni

Familia nyingi za Afrika Mashariki zina mtu wa namna hii: babu mzaa babu aliyechukuliwa kwenda vitani au kazini, akaondoka na wenzake wa kijiji, hakurudi. Hana kaburi wala tarehe ya kifo. Mjukuu akiamua kumtafuta, hupewa majibu yaleyale kila anakouliza, na mengi kati ya hayo hayana ukweli.

"Wakoloni hawakuandika lolote kuhusu Mwafrika"

Waliandika, tena sana. Ila waliandika kile walichokihitaji: kodi, kazi na mshahara.

Chukua wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, maana hao ndio kundi kubwa kuliko yote. Waingereza waliunda kikosi chao, Carrier Corps, chini ya ofisa wa utawala aliyeitwa Oscar Watkins. Mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi imebeba jina la kikosi hicho hadi leo. Mpagazi alipewa namba na kisahani cha kuvaa, na kitabuni wakaandika jina, kabila, wilaya na chifu wake. Kenya ikaendeleza mtindo huo baada ya vita: sheria ya usajili ya 1915 ilipoanza kutekelezwa kuelekea 1920, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitembea na kipande chenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kibarua aliyekimbia shamba la mlowezi aliweza kusakwa kwa kipande hicho wilaya hadi wilaya. Serikali hiyohiyo mama akiiuliza mwanawe amefia wapi, haikuwa na jibu.

Kwa hiyo anayemtafuta mpagazi asianze na orodha za marehemu. Aanze na karatasi za fedha. Mishahara ya maelfu ya watu ilibaki bila kuchukuliwa kwa sababu wenyewe walikuwa wamekufa, na madai ya warithi yalipitia kwa mabwana DC. Mafaili ya wilaya yaliyo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi na Dar es Salaam, yana nafasi kubwa ya kumtaja mtu kuliko jiwe lolote la ukumbusho.

"Rejista imeandika ametoroka, basi alitoroka"

Hili ndilo linaloumiza familia kuliko yote, kwa sababu linageuza msiba kuwa aibu. Kuna koo ambazo hadi leo zinaamini babu yao alioa kwingine huko Tanganyika akawasahau. Wapo waliotoroka kweli, na walikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Lakini fikiria msafara wa watu mamia kwenye mvua za 1917, kutoka Kilwa au Lindi kwenda bara. Mtu anashikwa na kuhara damu, anakaa chini kando ya njia, msafara unasonga mbele. Jioni namba zinaitwa, yake haiitikiwi. Karani hajaona maiti. Ataandika nini?

Kuna na suala la jina lenyewe. Mtu aliyekamatwa kwa nguvu hakuwa na haja ya kumpa mzungu jina lake halisi. Wengine walitoa la utani, wengine la baba tu, na karani asiyejua Kikamba wala Kinyamwezi akaandika alivyosikia. Ukitafuta kwa jina peke yake utakesha. Tafuta kwa chifu, kwa wilaya na kwa mwaka wa kuchukuliwa, halafu soma majina kwa sauti, maana mengine hutambulika kwa sikio kabla ya jicho.

"Waliuawa na Wajerumani kwa risasi"

Wachache. Kilichowamaliza ni kuhara damu, malaria, nimonia na chakula. Unga wa mahindi usioiva vizuri uliwaharibu matumbo watu waliozoea ndizi au mtama. Ndiyo maana kumbukumbu za hospitali na kambi za Dodoma, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam zina maana kuliko habari za mapigano. Na tusisahau kwamba jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck nalo lilibebewa mizigo na Waafrika, wengi kwa kulazimishwa, mpaka liliposalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 1918. Hao waliandikwa kidogo zaidi.

"Makaburi yao yapo, tumeshindwa kuyatembelea tu"

Laiti ingekuwa hivyo. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita ilitangaza kanuni ya usawa: kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, bila kujali cheo wala dini. Ulaya kanuni ilifuatwa. Huku kwetu, Gavana wa Tanganyika Horace Byatt aliona ni heri makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini upesi. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1920 zikachukua nafasi ya majina. Ile ya Nairobi inawasifu wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa nzuri, ila hakuna mguu wala mkono uliotajwa ni wa nani.

Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri. Ripoti yake ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Upana wa pengo kati ya tarakimu hizo mbili ni ushahidi tosha wa jinsi walivyohesabiwa. Januari 2025 mjini Cape Town ulizinduliwa mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua wa jeshi kutoka Afrika Kusini. Maana yake majina yakitafutwa hupatikana.

"Mafaili yote yalichomwa"

Mengine ndiyo. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni Iain Macleod alielekeza kwamba karatasi za kuiaibisha serikali ya Uingereza zisikabidhiwe kwa nchi zinazopata uhuru. Lakini nyingine zilisafirishwa. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipokuwa mahakamani London, serikali ililazimika kukubali kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni yake ya zamani huko Hanslope Park, kituo cha serikali nchini Uingereza. Sasa yamehamishiwa Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, katika mkusanyo wa FCO 141. Yasome kwa tahadhari: wafungwa 11 wa Mau Mau walipouawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Kenya, tarehe 3 Machi 1959, taarifa ya kwanza ya serikali ilidai wamekufa baada ya kunywa maji.

"Siku hizi DNA inamaliza kila kitu"

Berlin kulikuwa na mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki enzi za Wajerumani, mengi ya Rwanda, takriban 200 ya Tanzania. Watafiti walipoyachunguza, ni manane tu yaliyokuwa na maelezo ya kutosha hata wakajua waende kijiji gani kuomba mate ya ndugu. Septemba 2023 walitangaza matokeo: fuvu moja ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na mawili yana undugu na ukoo wa Kaaya. Meli mwenyewe hakuonekana, ingawa familia yake ilikuwa imetoa sampuli miaka kadhaa kabla. Maabara haina pa kuanzia bila karatasi au simulizi ya ukoo inayosema alichukuliwa lini, na nani, akapelekwa wapi. Basi andika sasa hivi anachokikumbuka bibi yako, hata kama ni jina la chifu tu.