Je, wajua kwa nini wanamuziki 120 walipiga ala kwenye stesheni za treni kwa ajili ya watoto wa Soweto?

Machi 1992, abiria waliokuwa wakiwahi treni katika stesheni 16 za Uingereza walikutana na jambo wasilolizoea. Wanamuziki wa kumbi kubwa, watu wanaosikilizwa kwa tiketi, walikuwa wamesimama kwenye mapito ya abiria wakipiga ala na kungoja kutuzwa fedha. Walikuwa 120. Kwa saa mbili walipata pauni 6,000, na hakuna aliyetia hata senti mfukoni mwake. Fedha zilikuwa za watoto wa Diepkloof, mtaa mmoja wa Soweto, Afrika Kusini.

Aliyewaita ni Rosemary Nalden, mpiga viola wa London. Mwaka 1991 alisikia kwenye redio ya BBC habari za mradi mdogo wa huko Diepkloof uliokuwa ukifundisha watoto ala za nyuzi, na sasa umekwama. Wengi tungesikitika kidogo, kisha tukaendelea na chai. Yeye aliwageukia wenzake wa kazi.

Kwa nini yeye? Mimi naanza na ala yenyewe. Mpenzi wa taarab anaijua fidla. Viola ni dada yake mkubwa: fidla ina mwili wa kama sentimeta 36, viola hufika 40 na zaidi, na nyuzi zake zina sauti nzito zaidi. Kwa uzito wa sauti hiyo ilipaswa kuwa kubwa kuliko ilivyo, ila ingekuwa hivyo isingeshikika begani. Ndiyo maana ina sauti yenye ukungu kidogo, kama ya mtu anayezungumza karibu na sikio lako. Katika okestra, fidla hubeba wimbo na besi hubeba msingi. Viola imo katikati, ikijaza pale ambapo msikilizaji haendi moja kwa moja. Anayeipiga hutumia maisha yake kuwasikiliza wa juu na wa chini yake ili ajue aingie wapi. Bach mwenyewe, mtunzi mkubwa wa Kijerumani, kwa ushuhuda wa mwanawe Carl Philipp Emanuel, alipenda zaidi kupiga viola. Na mtu aliyezoea kusikiliza hivyo, akigeuka kuwa mwalimu, anamsikia mtoto kabla hajaanza kumsahihisha.

Nalden alikuwa amejiandaa kwa ualimu pia. Mbali na kupiga muziki wa karne za 17 na 18 chini ya John Eliot Gardiner, mwongozaji wa okestra wa Uingereza, alijifunza kufundisha kwa Sheila Nelson, mwalimu wa London aliyeingiza ala za nyuzi katika shule za Tower Hamlets, eneo la watu wa kipato cha chini mashariki mwa jiji. Nelson naye alikwenda Illinois, Marekani, kuchota ujuzi kwa Paul Rolland, Mhungaria ambaye pia alikuwa mpiga viola. Ukiufuata mnyororo huu nyuma unakuta viola tena, na jambo hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka.

Rolland alikuwa na hoja moja kubwa: kinachomwangusha mwanafunzi wa fidla ni mwili kukakamaa. Mtazame mtoto aliyepewa ala kwa mara ya kwanza. Mabega yanapanda hadi masikioni, kidole gumba kinaubana upinde kana kwamba utamponyoka, magoti yamekaza, na hata pumzi amezizuia. Mwambie mara kumi alegeze, atazidi kukaza. Rolland alimpa kitu cha kufanya badala ya kumkemea. Mtoto husimama na kuyumba polepole, uzito ukihama mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Mkono wa kushoto haungandi sehemu moja; tangu siku za mwanzo husafiri kutoka mwisho wa shingo ya ala hadi karibu na mwili wake na kurudi, na kidole kidogo hudonoa nyuzi. Baada ya hapo upinde hupita juu ya uzi kwa uzito wa mkono tu, bila kukandamiza, na mtoto anasikia sauti safi iliyotoka kwake mwenyewe.

Njia hiyo ndiyo Nalden aliyokwenda nayo Soweto. Mwanzoni alikuwa mchangishaji na mgeni wa kuja na kurudi. Januari 1997 alianzisha shule ya Buskaid hapo hapo Diepkloof, na mwaka 1999 ikapata jengo lake kwenye uwanja wa kanisa. Hakwenda kutoa semina ya wiki mbili na kupiga picha. Alihama, akabaki. Waliotangulia wakafunzwa kuwafundisha wanaowafuata, na baadhi wakajifunza kutengeneza ala.

Hilo la kutengeneza ala lisipitwe haraka. Uzi hukatika, daraja, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi, huanguka, gundi huachia, na duka la vipuri halipo mtaani. Kule Kinshasa, Armand Diangienda, rubani aliyeanzisha okestra mwaka 1994, aliona wanamuziki wake wakifunga waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi uliokatika. Mwaka 2013 Nalden na Diangienda walipewa pamoja uanachama wa heshima wa Royal Philharmonic Society ya London, chama kilichokuwa kikitimiza miaka 200, na nadhani kila mmoja alijua vizuri kazi ya mwenzake ilivyokuwa.

Kutoka darasa la Diepkloof wametoka watu kama Samson Diamond, aliyeendelea na masomo ya fidla Manchester. Vijana wa Buskaid hupiga kwela, muziki wa mitaani wa kwao Afrika Kusini, na hupiga pia muziki wa Rameau, Mfaransa aliyefariki 1764, ambao hata Ulaya si okestra zote huuthubutu kwa sababu ya madoido yake.

Julai 2007 waliupiga muziki huo katika tamasha la Proms, ndani ya Royal Albert Hall ya London, ukumbi wa watu zaidi ya 5,000. Walikaa bega kwa bega na okestra ya Gardiner, na aliyewaongoza ni Gardiner mwenyewe, yule yule ambaye Nalden alikuwa akimtazama kutoka kwenye kiti cha viola. Safari hii waliokuwa wakimtazama ni watoto wa Soweto.