Kupima Uoto wa Nairobi kwa Setilaiti: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Setilaiti hutafuta rangi ya kijani.

Ukweli: Ingekuwa hivyo, mabati ya kijani yaliyoezeka nyumba nyingi za Nairobi yangehesabiwa kuwa bustani. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru, na wakati huohuo huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halioni. Mpimaji huchukua kiasi cha infraredi, hutoa kiasi cha mwanga mwekundu, kisha hugawa tofauti hiyo kwa jumla ya vyote viwili. Jibu lake, linaloitwa NDVI, huwa kati ya −1 na 1: maji kwa kawaida huwa chini ya sifuri, lami na udongo mtupu huwa juu yake kidogo, na msitu uliosongamana kama Karura hupita 0.6.

Dhana: Thamani kubwa ya NDVI ni ushahidi wa miti.

Ukweli: Nyasi za uwanja wa gofu zinazomwagiliwa vizuri zinaweza kulingana na miti. Kutenganisha viwili hivi huhitaji picha za kina zaidi, vipimo vya urefu, au kwenda kukagua mahali penyewe.

Dhana: Picha mbili za miaka tofauti zinatosha kuthibitisha kwamba uoto umepungua.

Ukweli: Kosa hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu huzaa ramani za kutisha zinazosambaa upesi. Picha ya Mei, mvua za masika zikiwa zimenyesha, ikilinganishwa na ya Septemba, nyasi zikiwa zimekauka, itaonyesha upotevu hata kama hakuna mti uliokatwa. Kulinganisha mwezi uleule husaidia, lakini hakutoshi, kwani mvua hutofautiana mwaka hadi mwaka. Ni salama zaidi kuunganisha picha nyingi za msimu mmoja, jambo ambalo pia huondoa sehemu zilizofunikwa na mawingu. Kumbukumbu zipo: picha za Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha za uso wa dunia, zilianza 1972 na hutolewa bure tangu 2008.

Dhana: Mtaa unaosomeka bila uoto hauna miti.

Ukweli: Pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya Landsat hufunika mita za mraba 900, na ya Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, hufunika 100. Mti mmoja uliozungukwa na mabati huko Mathare humezwa ndani ya pikseli hiyo, ingawa ndio kivuli pekee cha majirani.

Dhana: Asilimia ya jiji zima huonyesha hali ya wakazi.

Ukweli: Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, yenye takriban kilomita za mraba 117, ni kama sehemu moja ya sita ya eneo la kaunti lenye kilomita za mraba 696 hivi. Ikijumuishwa, wastani wa kaunti hubadilika, ilhali mkazi wa Mathare hapati mti hata mmoja wa ziada mlangoni pake. Ripoti yoyote ya uoto wa Nairobi inapaswa kutaja kama hifadhi hiyo imehesabiwa, na kutoa takwimu za kila wadi.