Hilux haijapigwa marufuku Marekani, na mengine tunayodanganyana kuhusu pikapu za nje

Kila ikipita picha ya Hilux mpya mtandaoni lazima atokee mtu aandike "hii gari Marekani wameipiga marufuku", afu wenzake wanadakia hapo hapo, huyu anasema ni sababu ya magaidi, yule anasema ni kwa vile haifi na makampuni ya kule yangefilisika, na baada ya siku mbili kila mtu anaihadithia kama habari ya kweli. Hamna sheria yoyote ya Marekani iliyoitaja Hilux kwa jina. Kilichopo ni ushuru wa 25% kwa pikapu zinazotoka nje, viwango vyao wenyewe vya usalama na moshi, na hesabu za biashara za Toyota yenyewe. Hivyo vitatu vikikutana ndo unakuta gari inayouzwa karibu kila kona ya dunia haipo kwenye shoo rumu hata moja ya Texas.

Hii ya magaidi tuimalize haraka. Ni kweli pikapu za Toyota zimetumika sana vitani, vita vya Chad na Libya vya mwaka 1987 hadi leo watu wanaviita Vita vya Toyota. Lakini kumzuia mkulima wa Kansas asinunue gari kunamzuiaje mpiganaji wa jangwani kuipata? Isitoshe serikali ya Marekani yenyewe iliwanunulia polisi wa Afghanistan maelfu ya Ford Ranger zilizotengenezwa Thailand, tena ni pikapu za aina ile ile, dabo kebini za mzigo wa tani moja. Kwa hiyo vita haihusiki hapa.

Hadithi ya pili ina uzito kidogo, kwamba ushuru wa 25% uliwekwa kuwazuia Wajapani. Hapana. Ulianza na kuku, na waliolengwa walikuwa Wajerumani. Baada ya vita kuu ya pili Wamarekani walianza kufuga kuku kiwanda kiwanda, bei ikashuka sana, wakawa wanasafirisha kuku wa barafu kwenda Ulaya na mnunuzi wao mkubwa alikuwa Ujerumani Magharibi. Wafugaji wa kule wakalalamika, na mwaka 1962 Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ikapandisha ushuru wa kuku wa nje mpaka biashara ikadorora. Yakaenda mazungumzo, hayakuzaa kitu, Wamarekani wakasema hasara yao ni dola milioni 46, jopo la wataalamu wa biashara ya kimataifa likakaa mwezi Novemba 1963 likasema hapana, ni milioni 26. Basi Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson, ambaye hata mwezi haujaisha tangu achukue nafasi ya Kennedy, akasaini tangazo la kulipiza, na kuanzia 7 Januari 1964 vitu vinne vikapigwa ushuru mpya: wanga wa viazi, dekstrini (unga unaotokana na wanga), brandi, na malori madogo. Malori yaliingia kwenye orodha kwa sababu Volkswagen walikuwa wanauza Marekani vigari vyao vya mzigo, vile vyenye sura ya kombi, na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari kule hakikuvipenda hata kidogo.

Wajapani walikuwa bado wachanga kwenye soko lile. Wao walikuja kuumia baadaye, kwa sababu vile vitu vingine ushuru wake ulikuja kulegezwa lakini wa malori ukabaki, na upo mpaka leo zaidi ya miaka 60. Ugomvi wa kuku ulishasahaulika zamani, ila Detroit, yaani makampuni makubwa ya magari ya Marekani, waligundua kwamba wamepewa ukuta ambao hawakuujenga wao, na tangu hapo kila anayetaka kuubomoa anakutana nao. Thailand walikaa mezani na Marekani kuanzia 2004 kutafuta mkataba wa biashara huria na pikapu zikawa moja ya mambo magumu, mazungumzo yakafa mwaka 2006. Korea Kusini wao walifanikiwa kuandikiwa kwamba ushuru wa malori yao ungeisha 2021, lakini mkataba ulipofunguliwa tena 2018 tarehe ikasogezwa mpaka 2041. Na ndo maana pikapu ya Hyundai inayouzwa kule, Santa Cruz, inatengenezwa Alabama.

Mtu atasema 25% si nyingi, sisi huku tunalipa kodi kibao na magari yanakuja tu. Weka hesabu. Gari ndogo ya abiria kuingia Marekani kwa miaka mingi mpaka 2025 ushuru wake ulikuwa 2.5%. Gari ya thamani ya dola 20,000 ikifika bandarini kama ya abiria ilikuwa inalipa 500, ikifika kama pikapu inalipa 5,000. Hilux ikilipa hiyo, kabla hata muuzaji hajaweka faida yake, bei inafika kwenye pikapu kubwa za pale pale ambazo Mmarekani amezizoea na mafuta yake hayamuumizi kichwa. Biashara hiyo nani ataifanya? Na mwaka 2025 waliongeza tena ushuru mwingine wa 25% kwa magari ya nje, hivyo hali haijawa nyepesi.

Sasa kuna dhana moja imeshika hata kwa watu wanaojua magari vizuri, kwamba ushuru huu unaangalia nembo, yaani Toyota inabanwa na Ford inapita. Sio hivyo. Unaangalia gari imeunganishwa wapi, basi. Waliohangaika nao sana ni Wamarekani wenyewe. Miaka ya 1970 Chevrolet walikuwa na pikapu inaitwa LUV, ile kiukweli ni Isuzu, na Ford walikuwa na Courier ambayo ni Mazda, zote zinatoka Japani. Walifanyaje? Walizileta chasisi na kebini tu, bila bodi la nyuma, maana gari isiyokamilika ililipa 4%, afu bodi linafungwa Marekani. Toyota nao walikuwa na karakana Long Beach, California, kazi yake kutengeneza mabodi. Mwaka 1980 mlango huo ukafungwa.

Subaru wao walikuja na BRAT, na hii natamani kila mtu aione kwa macho. Ni kipikapu kidogo, kwenye bodi la nyuma wamechomelea viti viwili vya plastiki vinatazama nyuma, vina vishikio vya mkono, na chini wametandika kapeti. Kapeti, sehemu ya mzigo! Yote hiyo ili forodha waandike gari ya abiria na walipe ule ushuru mdogo. Watu wakaipenda kweli, hata Ronald Reagan alikuwa nayo moja kwenye shamba lake California.

Lakini kesi kubwa kuliko zote ni ya Ford Transit Connect. Ford walikuwa wanazitengeneza Uturuki, na wateja wao Marekani walitaka gari za mzigo, za mafundi bomba na wasambazaji. Sasa zikitoka Uturuki zote zina viti vya nyuma, vioo vya nyuma, mikanda ya nyuma. Zinafika bandari ya Baltimore, zinalipiwa kama za abiria, zikishatoka forodhani zinaingizwa ghala la jirani, viti vinang'olewa, vioo vinatolewa panawekwa bati, na gari inakwenda kwa mteja kama van ya mzigo. Mahakama ilikuja kuangalia hata viti vyenyewe ikakuta vimevalishwa kitambaa cha bei rahisi na havina hata pa kuegemeza kichwa, yaani kiti kilichotengenezwa hakuna mtu atakayekikalia. Mwaka 2013 forodha wakasema hapana, hizi ni gari za mzigo, kesi ikazunguka mahakamani miaka, Ford wakashindwa kwenye rufaa 2019, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza 2020, na mwaka 2024 Ford wakakubali kulipa dola milioni 365 kumaliza mambo. Kampuni ya Kimarekani, imelipishwa kwa gari yake yenyewe. Na ile Ranger tuliyoizoea huku, inayotoka Silverton kule Pretoria, Wamarekani walikaa miaka mingi hawaioni, Ranger yao ya zamani iliacha kutengenezwa mwishoni mwa 2011, na jina liliporudi 2019 gari ilikuwa imejengwa Wayne, Michigan.

Na sisi tusishangae sana maana hii janja tunaifahamu. Afrika Mashariki nayo kwa miaka mingi iliweka ushuru wa 25% kwa gari inayokuja nzima, wakati vipande vya kuunganishwa na viwanda vilivyosajiliwa vinaingia bila huo ushuru, ndo maana Isuzu D-Max za Kenya zinafungwa Nairobi. Kiwanda kinafuata ushuru, popote pale.

Turudi kwa Toyota, maana hapa ndo naona wengi wanapotea. Watu wanadhani Toyota wamekaa wanalia nje ya geti wanaomba Hilux iingie. Hilux iliuzwa Marekani, tangu mwisho wa miaka ya 1960, jina likaachwa katikati ya miaka ya 1970 ikawa inaitwa tu Toyota Truck, na mwaka 1995 wakaja na Tacoma iliyochorwa kwa ajili ya soko lile. Tacoma ilijengwa Fremont huko California, baadaye San Antonio Texas, sasa hivi Mexico, na Mexico imekuwa na mkataba wa biashara na Marekani tangu 1994 ambao pikapu ikitimiza masharti yake haipigwi ule ushuru wa kuku. Mwaka 2019 peke yake Tacoma ziliuzwa karibu laki mbili na nusu kule. Sasa wewe ndo bosi wa Toyota, una gari inauza hivyo, ulete Hilux kutoka Thailand au Durban ulipie robo ya bei ili igombanie wateja na gari yako mwenyewe?

Na hizo gari mbili sio mapacha kama inavyosemwa. Hilux imepangwa kubeba tani moja kwenye barabara mbovu na kutengenezwa na fundi yeyote, wateja wake wakubwa ni mashamba, migodi, mashirika, serikali. Tacoma ni pana zaidi, injini za petroli, siti za kupumzika, mzigo wake mdogo kuliko Hilux, kwa sababu Mmarekani mwingi anaendea kazini nayo na wikiendi anabeba baiskeli. Mimi binafsi ningechukua Hilux bila kufikiri mara mbili, ila mimi sikai Arizona.

Eti Hilux haipiti viwango vya Marekani kwa sababu ni chafu na sio salama? Nayo imepotoshwa. Hilux inauzwa Ulaya na Australia, ambako vipimo vya usalama ni vikali. Tatizo ni kwamba Marekani ina kitabu chake na sehemu kubwa ya dunia inatumia kitabu cha Umoja wa Mataifa, taa tofauti, majaribio ya kugongesha tofauti, hata utaratibu wa kuthibitisha tofauti, kwa hiyo gari iliyofaulu huku haijafanya mtihani wa kule. Kuufanya ni kugongesha magari mapya kadhaa na kupima moshi upya, mamilioni ya dola, na nani atazitoa kwa gari ambayo ushuru umeshaiua? Ndo maana wengi wanaona cheti hakipo wanadhani gari imefeli.

Dizeli pia haijakatazwa Marekani, pikapu kubwa za Ram, Ford na Chevrolet zinauzwa na dizeli kila siku. Ila kipimo chao cha moshi hakitofautishi dizeli na petroli, na baada ya Volkswagen kukamatwa 2015 na magari yanayotoa hewa chafu mpaka mara 40 ya kiwango, hakuna anayetaka kuingia pale na dizeli ndogo bila kujipanga.

Na upande wa pili, wanaouliza mbona Ford haituletei F-150, hakuna aliyetunyima. Ile inatoka kiwandani usukani kushoto tu. Australia ambako wanaendesha kushoto kama sisi, Ford walilazimika kuwapa kampuni nyingine kazi ya kuzihamisha usukani Melbourne kuanzia 2023, na bei yake ikapaa. Kenya hata ukiwa na hela yako, gari ya usukani kushoto haipiti ukaguzi wa kawaida wa uingizaji, na ikizidi miaka minane nayo haipiti.

Kwa walioko Marekani wanaoulizia kama wanaweza kuagiza Hilux yao, njia ya kawaida ipo moja: gari iwe imefikisha miaka 25 tangu itengenezwe, hapo viwango vya usalama haviihusu tena, na upande wa moshi ni miaka 21. Hesabu inaanza mwezi ilipotoka kiwandani, usiangalie mwaka iliposajiliwa, kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya kile kibati cha kiwanda kabla hujatuma hela. Afu tenga na pesa ya forodha, maana hata iwe imezeeka hivyo, pikapu ni pikapu, wanaikata ile ile 25%.